Nia ipo, mwili haunyanyuki: tunachokosea kuhusu ADHD na kuganda mbele ya kazi

Katika miaka michache iliyopita, maneno ambayo zamani yaliishia kwenye vyumba vya madaktari yamehamia kwenye simu zetu. Mtu anajirekodi akiwa kitandani saa sita mchana, rundo la nguo chafu pembeni, anasema: "Nimeganda. Siwezi kuanza chochote. Ni ADHD." ADHD ni kifupi cha jina la Kiingereza la hali ya ubongo inayovuruga umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia. Chini yake maelfu wanaitikia kwamba na wao ndivyo walivyo, na wengine wengi wanamjia juu: huo ni uvivu, umevalishwa jina la kitabibu tu. Kambi ya kwanza inasema ubongo wangu ndivyo ulivyoumbwa, niacheni. Ya pili inasema jikaze. Nimeyafuatilia mabishano haya kwa muda, na naona kambi zote mbili zinagombania swali moja, nani wa kulaumiwa, huku zikiliruka swali lenye faida: kazi inakwama wapi hasa? Hoja yangu ni kwamba kwa mwenye ADHD kazi mara nyingi haikwami kwenye kutaka wala kwenye kujua. Inakwama kizingitini, pale nia inapotakiwa igeuke kitendo. Ukilielewa hilo, lawama inakosa pa kushika, lakini wajibu haufutiki. Unahama tu: badala ya kujilazimisha kuruka kizingiti kila siku, unaanza kukichonga kiwe kifupi.

Nilichelewa kulielewa hili, na mzigo wa kuchelewa kwangu aliubeba mdogo wangu. Alipimwa na kukutwa na ADHD akiwa tayari mtu mzima. Kabla ya hapo, asubuhi moja nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Nikaendelea na shughuli zangu. Niliporudi baada ya dakika kama arobaini, ile soksi ilikuwa bado mkononi, ameikunja kunja mpaka imekuwa kama kitambaa cha kujifutia jasho. Siku hiyo alikuwa na usaili wa kazi aliyoililia kwa miezi. "We, umekwama wapi?" nikamuuliza kwa ukali. Akanijibu bila kuinua macho: "Sijui, dada. Najua nivae soksi. Nimeshajiambia nivae. Mwili haunisikii." Simu ilikuwa mbali naye. Hakuwa amesinzia. Mtu mvivu angalau anafaidi uvivu wake, anajinyoosha, anastarehe. Huyu alikuwa amechoka kuliko aliyebeba magunia. Nami nikamtandika methali ambayo wengi wetu tumekua nayo: ajizi nyumba ya njaa.

Baadaye neno hilo lilinikaa kichwani. Ajizi tumelichukua kutoka Kiarabu, na huko shina lake linabeba maana ya kushindwa, kutoweza, kupungukiwa na nguvu. Lilipofika kwetu likageuka: aliyeshindwa akawa asiyetaka. Sidai kwamba methali imekosea, maana kulimbikiza kazi kweli huleta njaa. Ninachosema ni kwamba ndani ya neno moja tumezika hali mbili tofauti kabisa, ya mtu asiyetaka na ya mtu asiyeweza kuanza, na kwa sababu kwa nje zinafanana tumezipa dawa moja: karipio.

Tuweke msingi kidogo. "Kuganda mbele ya kazi" si jina la ugonjwa, na wala halimo kwenye orodha rasmi ya dalili. Kilichomo kwenye mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, unaotumika kwa upana duniani, ni mambo yanayolizunguka: mtu hukwepa kazi zinazodai kufikiri kwa muda mrefu, hushindwa kupanga shughuli, huanza jambo na kuliacha njiani, hupoteza vitu, husahau. Jina lenyewe limebadilika mara kadhaa. Mwaka 1968 mkazo ulikuwa kwenye mtoto asiyetulia. Mwaka 1980 umakini ukatangulizwa mbele. Mwaka 1987 vyote viwili viliunganishwa kuwa ADHD. Toleo la 2013 likakiri wazi zaidi kwamba watu wazima nao wanayo, ingawa dalili kadhaa lazima ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinayavuruga maisha. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, watu wazima wenye hali hii ni karibu asilimia 2.5. Lakini jina limewapotosha wengi. Linazungumzia upungufu wa umakini, ilhali mwenye ADHD anaweza kuzama kwenye jambo moja kwa muda wa saa saba bila hata kwenda kunywa maji. Umakini anao, usukani ndio unaoteleza. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Russell Barkley alitoa hoja kwamba kiini cha tatizo kiko kwenye uwezo wa ubongo wa kujizuia na kujisimamia: kushikilia wazo akilini, kupima muda, kutuliza hisia, kujisukuma kuelekea lengo lililo mbali. Si wataalamu wote wanaokubaliana naye katika kila kipengele, ila kwa suala letu la kuganda hoja hiyo inaeleza mengi.

Chukua kazi inayoitwa ndogo: kujibu barua ya mistari miwili. Kwa asiye na shida hii ni kitendo kimoja. Ukiichambua utakuta ni kukumbuka kwamba barua ipo, kuacha unachofanya sasa, kuitafuta, kuisoma upya, kuamua useme nini, kuvumilia ule wasiwasi wa "nimechelewa kujibu, atanionaje", kisha kuandika na kutuma. Kwa watu wengi hatua hizo hufuatana zenyewe kama shanga kwenye uzi. Kwa mwenye ADHD uzi haupo, kila shanga inaokotwa peke yake, na ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote kwa sababu haina malipo yoyote ya papo hapo. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Nora Volkow walichapisha matokeo ya picha za ubongo za watu wazima wenye ADHD ambao hawakuwa wakitumia dawa. Katika maeneo yanayohusika na malipo na motisha, viashiria vya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na motisha, vilikuwa chini kuliko vya wasio na hali hiyo. Na katika majaribio ya kuchagua kati ya zawadi ndogo ya sasa na kubwa ya baadaye, wenye ADHD kwa wastani huelemea zaidi kwenye ile ya sasa. Malipo ya mbali kwao ni kama sauti iliyo nyuma ya ukuta. Wanaisikia, wanaijua, lakini haiwanyanyui. Ongeza hapo kumbukumbu ya barua zote zilizowahi kuoza bila majibu na maneno waliyoambiwa kwa sababu hiyo, na utaelewa kwa nini kuitazama tu barua kunamfanya mtu atamani kukimbia. Hawezi kukimbia kwa sababu anataka kuijibu, hawezi kuijibu kwa sababu kila kitu ndani yake kinakimbia. Hapo ndipo anapoganda.

Sasa tuje kwa wapinzani, na nianze na hoja yao nzito. Wanauliza: mbona akitaka anaweza? Ripoti iliyomshinda wiki tatu ameimaliza usiku mmoja kabla ya siku ya mwisho. Kazi za nyumbani zinamshinda, lakini mchezo wa kompyuta anakesha nao. Kama uwezo upo usiku wa mwisho, ulikuwepo pia Jumatatu ya kwanza, kwa hiyo kilichokosekana ni nia. Hoja hii inauma kwa sababu mambo inayoyasimulia ni ya kweli. Hata wenye ADHD wenyewe hujipigia nayo. Lakini tazama inachothibitisha. Inathibitisha kwamba maarifa na uwezo wa kufanya kazi vipo, jambo ambalo hakuna aliyelibisha. Haithibitishi kwamba mtu anaweza kuviita vije kwa amri. Usiku wa mwisho hofu imefanya kile ambacho nia haikuweza: imeivuta adhabu kutoka wiki tatu mbele na kuiweka mezani, sasa hivi, ubongo ukaisikia. Mchezo nao hutoa malipo kila sekunde chache, hauhitaji kusubiriwa. Kinachobadilika kati ya Jumatatu na usiku ule ni ukaribu wa matokeo. Kupanda na kushuka huku, ambako watu wanakutumia kama ushahidi wa hila, ndiko hasa kunakoitambulisha hali yenyewe. Tena hofu ni mafuta ghali. Anayeishi kwa kuwashwa na hofu hulipa kwa usingizi, kwa tumbo linalosokota, kwa kazi iliyofanywa nusu ya ubora anaoujua, na kwa uongo mdogo mdogo wa kuomba muda zaidi. Na kadiri miaka inavyokwenda dozi ile ile ya hofu haitoshi. Nimemwona mdogo wangu akifika mahali ambapo hata siku ya mwisho ilipita, naye ameketi anaitazama.

Hoja yao ya pili ina ukweli ndani yake na ni vizuri ikubaliwe: si kila aliyeganda ana ADHD. Sonona humgandisha mtu. Wasiwasi mkubwa pia, msiba, kukosa usingizi, matatizo ya tezi ya shingo, kuchoshwa na kazi kwa miaka. Mtu aliyekuwa akijimudu vizuri tangu utotoni na kuanza kuganda akiwa na miaka 35 anapaswa kutafutiwa sababu nyingine kwanza. Mitandao haisaidii hapa. Utafiti uliochapishwa Kanada mwaka 2022 ulichukua video 100 za TikTok zilizopendwa zaidi kuhusu ADHD na kukuta 52 kati yake zina taarifa za kupotosha. Kwa hiyo anayehofia kwamba watu wanajipima wenyewe kwa video ya sekunde thelathini ana haki ya kuhofia. Lakini hofu hiyo inatuelekeza kwenye vipimo bora na wataalamu wengi zaidi. Haituelekezi kwenye kuwacheka wanaouliza. Mtu aliyejikosea jina la shida yake bado ana shida.

Iliyobaki ni hoja dhaifu, nayo ndiyo inayorudiwa kwa sauti kubwa kuliko zote: zamani haya mambo hayakuwepo, ni malezi ya siku hizi na simu. Mwaka 1798, Alexander Crichton, daktari wa Kiskoti, alishaandika kuhusu watu wasioweza kushikilia umakini kwenye jambo moja kwa uthabiti, akiona kwamba mtu anaweza kuzaliwa hivyo. Mwaka 1902 George Still alitoa mihadhara mjini London kuhusu watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia na kutulia. Hakukuwa na simu za mkononi wala televisheni. Hata hivyo Still, msomi wa wakati wake, aliiita kasoro ya udhibiti wa kimaadili, kwa hiyo naye alifanya tulichofanya sisi na neno ajizi. Kuhusu malezi, tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika ADHD inatokana na urithi. Mara nyingi mzazi anayelaumiwa kwa malezi mabovu ndiye aliyemrithisha mtoto hali hiyo, na yeye mwenyewe alilaumiwa vivyo hivyo.

Nisiwaache wenzangu wa kambi ya "ndivyo nilivyoumbwa". Najua faraja wanayoipata. Baada ya miaka ishirini ya kuitwa mzembe, kusikia kwamba shida yako ina jina ni kama kuvuliwa kiatu kinachobana. Lakini wengi wanaishia hapo, na hapo si pa kuishia. Kodi ya nyumba inasubiri, mtoto anasubiri kusainiwa fomu yake, rafiki anasubiri jibu. Anayesema hakuna la kufanya anarudia kosa lile lile la anayesema jikaze: wote wanaamini kwamba njia pekee ya kuingia kwenye kazi ni nguvu ya ndani, mmoja anasema unayo, mwingine anasema huna. Penye nia pana njia, tunaambiwa. Kwa watu hawa nia ipo tele, na njia inabidi ijengwe nje ya kichwa, kwa vitu vinavyoonekana na kushikika.

Kinachosaidia hakivutii sana kukieleza, pengine ndiyo maana hakipendwi mitandaoni. Kwanza ni kuipunguza hatua ya kuanza mpaka ikose uzito. "Andika ripoti" ni mlima. "Fungua faili na uandike tarehe" kinafanyika, na mara nyingi ubongo ukishavuka kizingiti huendelea wenyewe. Usipoendelea, faili angalau liko wazi kesho. Pili ni kuufunga uamuzi kwenye tukio. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 mipango ya aina ya "ikitokea hivi, nitafanya vile", na baadaye yeye na Caterina Gawrilow wakaijaribu kwa watoto wenye ADHD, ikawasaidia kujizuia vizuri zaidi katika majaribio. "Nitafanya mazoezi wiki hii" humwachia mtu kazi ya kuamua upya kila saa. "Nikishaoga tu, navaa viatu vya mazoezi" humwachia kitendo. Mdogo wangu siku hizi analala soksi ameshazikunjua na kuziweka juu ya viatu, mdomo wazi kuelekea juu, mguu ukitoka kitandani unaingia. Asiyejua ataona kichekesho. Mimi nikiziona nakumbuka ule usaili ambao hakuufika.

Kisha kuna kuwa na mtu pembeni. Asisaidie, asisimamie, asiulize umefika wapi. Awe tu chumbani au hata kwenye simu ya video, akifanya yake. Wenye ADHD wengi wanaapa kwa njia hii. Ushahidi wa kisayansi juu yake bado ni mchache, nami naupa uzito wa ushuhuda wa watu, sio zaidi, lakini ni njia isiyo na gharama wala madhara, na nimeiona ikifanya kazi mezani kwangu mara nyingi kiasi kwamba sina sababu ya kuificha. Dawa nazo zina nafasi kubwa kuliko wapinzani wanavyokubali. Uchambuzi wa majaribio 133 uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta dawa za kusisimua mfumo wa neva zinapunguza dalili kuliko vidonge visivyo na kitu, kwa watoto na kwa watu wazima, angalau katika miezi ya mwanzo. Zinaandikwa na daktari na kufuatiliwa na daktari, kwani zinagusa moyo, usingizi na hamu ya kula. Hata hivyo dawa haimchagulii mtu kazi: aliyeimeza asubuhi bila kujua aanze na lipi anaweza kupanga kabati la vitabu kwa saa tatu kwa umakini wa hali ya juu, na ripoti iko pale pale. Jaribio la mwaka 2010 lililowahusu watu wazima 86 ambao tayari walikuwa wakitumia dawa na bado wana dalili lilionyesha kwamba tiba ya mazungumzo iliyolenga stadi, yaani kupanga, kugawa kazi, kushughulika na mawazo ya kujikatia tamaa, iliwaongezea nafuu kuliko mafunzo ya kutuliza mwili pamoja na elimu na kutiwa moyo.

Ukiviweka pamoja utaona vyote vinafanya jambo moja, vinausogeza msaada mpaka pale kazi inapokwama, dakika ile ile. Na hii ina maana kwa sisi tunaowazunguka kuliko tunavyopenda kukiri, kwa sababu vizingiti vingi tumevijenga sisi. Bosi anayegawa kazi ya miezi miwili yenye tarehe moja ya mwisho amemwekea mfanyakazi huyu mtego. Akiigawa kwa vipande vya wiki, kila kimoja na mtu wa kukipokea, hajampendelea, na wafanyakazi wengine wote watanufaika vilevile. Mwalimu anayeandika ubaoni "anzeni" anaweza kuongeza sentensi moja ya kwanza wakaiandika pamoja. Fomu ya kuomba msaada wa matibabu yenye kurasa kumi na mbili, inayotakiwa kujazwa na mtu ambaye tatizo lake ni kujaza fomu, inahitaji mtu wa kukaa naye.

Nyumbani, kinachobadilika ni swali. "Kwa nini hujafanya?" halina jibu ambalo aliyeganda anaweza kulitoa bila kujidhalilisha, litamfanya abuni sababu, nawe utaikamata ile sababu na ugomvi utaanza. Asubuhi ile nilimuuliza mdogo wangu umekwama wapi, maneno yenyewe yalikuwa sahihi, ila niliyatupa kama jiwe na sikusubiri jibu lake limalizike. Siku hizi nikimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda nauliza tena yale yale, polepole, na kabla hajajibu nakuwa nimeshaketi upande wa pili na kazi yangu mwenyewe mkononi.